Kura, Korosho na Dhamiri: Hesabu za Siasa Mbele ya Mkristo

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, Kilwa)



Wapendwa viongozi wa Halmashauri za Walei, makatekista, wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia na vigango, viongozi wa jumuiya ndogondogo, akina mama wa WAWATA, nanyi vijana wetu:

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa jina lake laonekana kuwa ni la wasomi wa vyuo vikuu, yaani nadharia za kiuchumi kuhusu mwenendo wa wanasiasa na jinsi serikali zinavyofikia maamuzi yake. Nilipopokea ombi hilo nilisita. Lakini nilipotafakari niliona kwamba mambo haya mnayajua tayari, ila hamjapewa majina yake. Mkulima ambaye amewahi kusimama mbele ya ghala la chama cha msingi, akisoma orodha ya makato ya korosho zake mstari kwa mstari, amekwisha kuanza somo hili. Kazi yangu leo ni kulipanga, kisha kulipima kwa Mafundisho Jamii ya Kanisa.

1. SULTANI ALIYETOA ZAWADI

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Msafiri huyo anamsifu kwa unyenyekevu na ukarimu wake. Anasimulia jinsi fakiri mmoja alivyomwomba Sultani mavazi aliyoyavaa, naye akayavua na kumpa. Baadaye fakiri yule alipewa pia watumwa na mizigo ya pembe za ndovu.

Ibn Battuta anaeleza vilevile mali hiyo ilipatikana wapi. Sultani alikuwa akifanya mashambulizi bara, akiteka nyara. Na alipokufa, ndugu yake Daud akashika utawala. Huyo hakuwa na mkono wa kutoa. Mwombaji alipofika aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni wakakaa mlangoni kwa miezi, wakapata kidogo, hata wakaacha kuja.

Sisimulii haya ili kuwadharau ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mwambao huu, na ambao tunaishi nao kama watoto wa nyumba moja. Sultani yule alisifiwa kwa uchaji wake, na historia hii ni yetu sote. Ninaisimulia kwa sababu inatufundisha kuuliza maswali matatu kila tunapoona mkono wa mtawala ukitoa. La kwanza: mali hii imetoka kwa nani? La pili: anayepewa ni nani, na asiyepewa ni nani? La tatu: mtoaji akiondoka, kitabaki nini? Fakiri alifurahi, lakini watumwa waliotolewa zawadi nao walikuwa na mama zao huko bara. Wao hakuna aliyewauliza lolote.

Naomba mshike maswali hayo matatu mpaka mwisho.

2. WATAALAMU WANASEMA NINI

Kwa muda mrefu wataalamu wengi wa uchumi walisema hivi: mfanyabiashara hutafuta faida yake, lakini serikali hutafuta manufaa ya umma. Soko likikosea, serikali itasahihisha. Katika karne ya 20 wakatokea wengine waliouliza swali jepesi: je, mtu akitoka sokoni na kuingia ofisini, moyo wake hubadilika?

Mmarekani Anthony Downs, mwaka 1957, alieleza kwamba vyama vya siasa hutafuta kura kama wafanyabiashara wanavyotafuta wateja. Akaongeza jambo zito juu ya mpiga kura. Kura moja kati ya maelfu haiwezi kwa kawaida kubadili matokeo, na kuzifahamu sera kwa undani kunadai muda na gharama. Kwa hiyo mtu mwenye akili timamu aweza kuona ni nafuu kwake kutojua. Si kwamba ni mjinga, bali amepiga hesabu.

Mwaka 1962 James Buchanan na Gordon Tullock walionyesha kwamba hata kura ya wengi yaweza kudhulumu, kwa maana wengi wakiungana waweza kujinufaisha kwa gharama ya wachache. Kwa sababu hiyo walisisitiza kwamba kanuni na katiba zatangulia watu wema: usitegemee tu kupata kiongozi mwema, weka utaratibu utakaomzuia hata aliye mbaya. Buchanan alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1986.

Mwaka 1965 Mancur Olson alieleza kwa nini kundi dogo lenye faida kubwa hulishinda kundi kubwa ambalo kila mmoja wake anapoteza kidogo. Wanunuzi ishirini waweza kukutana katika chumba kimoja. Wakulima laki moja hawawezi. Tena katika kundi kubwa kila mmoja husema, "Wengine watakwenda kudai, nami nitapata bila kusumbuka." Wote wakisema hivyo, hakuna anayekwenda.

Na mwaka 1981 Robert Bates alizitumia hoja hizi kwa Afrika. Aliuliza: kwa nini serikali nyingi za bara letu, ambako wananchi walio wengi ni wakulima, zimeweka sera zilizowaumiza wakulima? Jibu lake lilikuwa kwamba watu wa mijini wako karibu na watawala, wamejipanga, na wakikosa chakula cha bei nafuu hufanya fujo, ilhali wakulima wametawanyika. Akaona tena kwamba watawala hupenda miradi na pembejeo kuliko bei nzuri. Bei nzuri humfikia kila mkulima, hata asiyekuunga mkono. Mradi waweza kuupeleka kwa rafiki na kumnyima mpinzani.

3. TUSOME KOROSHO ZETU

Sasa tuyapime hayo kwa mti tunaoujua. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 17,000 hivi. Mikorosho haikung'olewa yote. Nini kilitokea?

Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na ni haki tuzitaje zote. Ulikuwapo ugonjwa wa ubwiriunga. Ilikuwapo Operesheni Vijiji, iliyowahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, hata mashamba yakageuka pori. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na mkulima akabaki na mnunuzi mmoja tu, shirika la umma, lenye kupanga bei kutoka mbali. Wakati huo huo, kwa mikopo ya kutoka nje, vilijengwa viwanda vikubwa vya kubangua korosho katika mikoa ya kusini na kwingineko, na mavuno yakawa yanapungua. Vingi vya viwanda hivyo vilifanya kazi kwa muda mfupi tu, na vingine viligeuzwa kuwa maghala.

Mkulima alifanya nini? Hakuandamana, wala hakuandika barua. Aliacha kupalilia. Hiyo ndiyo kura aliyobaki nayo, nayo aliipiga kimya kimya, mkorosho kwa mkorosho.

Tuje karibu zaidi. Baada ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1990, na mfumo wa stakabadhi ghalani kuanza katika msimu wa 2007/08, zao lilifufuka, na msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Korosho ghafi ikisafirishwa nje ilitozwa ushuru, na kwa mujibu wa sheria asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuendeleza zao na asilimia 35 ilikwenda Hazina.  Kisha ukafika mwezi Juni 2018. Bunge likabadili sheria ili fedha zote za ushuru ziende katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa mikoa ya kusini walisimama kupinga, wa chama tawala na wa upinzani, lakini mabadiliko yakapita.

Someni hapo maneno ya Buchanan na Tullock. Mikoa inayolima korosho kwa wingi ni michache, na mikoa mingine yote ina mahitaji yake ya barabara na shule. Sisemi kwamba wabunge wa kwingineko walikuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake halali kwa wapiga kura wake. Lakini hesabu nyingi halali zikijumlishwa bila haki ya aliye mchache kulindwa, jumla yake yaweza kuwa dhuluma.

Msimu ule ule wakulima walikataa mnadani bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo. Mwezi Novemba 2018 Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na Jeshi la Wananchi lizisombe. Watu wengi walishangilia, na bei ilikuwa kubwa kuliko waliyopewa na wanunuzi. Lakini wengi walingoja malipo kwa miezi. Uhakiki ulifanywa ili kuwanasa walanguzi wa kangomba, nao wakulima wa kweli wakangoja pamoja nao. Rudini kwenye maswali yetu matatu. Mkono ulitoa, ndiyo. Lakini utaratibu wa kudumu, ambao mkulima angeutegemea hata mtoaji akiwa hayupo, ulikuwa wapi?

4. KANGA ILIYOCHUJA

Huwezi kuzungumzia hesabu za wakubwa na kuziacha za wadogo. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaruhusu takrima, yaani kitu anachotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kimila. Mashirika ya kutetea haki, likiwamo lile la Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda mahakamani, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa vinambagua mgombea asiye na mali na kumnyima mpiga kura uhuru wa kweli. Takrima kama sheria ikafa. Kama desturi je? Jibuni wenyewe.

Mtaalamu atasema mpiga kura anayepokea kanga amepiga hesabu sawasawa: kura yake moja haibadili kitu, kanga iko mkononi. Mama mmoja mzee aliwahi kuniambia kwa maneno machache, "Baba, ile kanga ilichuja kabla ya masika." Yeye alikuwa amepiga hesabu ya pili, ya miaka mitano. Kilo moja ya sukari ukiigawanya kwa siku za miaka mitano, hata kijiko cha chai hakijai kwa siku. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayejitembeza na mfuko wa sukari, tumuulize kwa nini neno lake peke yake halitoshi.

Lakini, ndugu zangu, sitakuwa mkweli nikiwanyoshea kidole akina mama wa kanga na kujiacha mimi. Katika parokia moja niliyowahi kuhudumu, tulikuwa tunaezeka kigango. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Mgombea mmoja alileta bati. Niliyapokea, nikamshukuru hadharani mbele ya waamini, naye akapigiwa makofi na vigelegele. Miezi mingi baadaye wazee wa kijiji walikuja kwangu na malalamiko ya ardhi, wakaniomba niwafikishie kwa huyo huyo, ambaye sasa alikuwa amechaguliwa. Nilizunguka. Niliwaambia tusali, tusubiri. Usiku ule mvua ilinyesha, nikausikia mlio wake juu ya bati zile, nikajua ulimi wangu ulikuwa umenunuliwa kwa bei gani. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilinyamaza mwenyewe. Torati imekwisha kutuonya kwamba rushwa huwapofusha hata wenye hekima. Mimi naongeza kwamba huwafanya na mabubu.

5. KANISA LINASEMA NINI

Je, Mkristo azikubali nadharia hizi? Nasema kuna sehemu ya kukubali na sehemu ya kukataa.

Tunakubali kwamba binadamu ni mdhaifu, awe sokoni, ofisini, au hata altareni. Kwetu si habari mpya. Tunaiita dhambi ya asili. Nabii Samweli, Waisraeli walipodai mfalme, aliwapa orodha ndefu ya yale ambayo mfalme atawatwalia: wana wao, mashamba yao, sehemu ya mazao yao. Na alipozeeka yeye mwenyewe alisimama mbele ya watu, akawaomba wamshuhudie kama aliwahi kumnyang'anya mtu ng'ombe au kupokea rushwa. Huo ni ukaguzi wa hesabu mbele ya mkutano mkuu! Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1987 juu ya maendeleo ya jamii, alifundisha kwamba dhambi za watu binafsi zikirundikana hujenga miundo ya dhambi, ambayo humvuta hata mtu mwema. Hapo Buchanan na Papa wanakaribiana: mwema naye huhitaji kanuni njema.

Tunakataa, hata hivyo, kwamba binadamu ni hesabu tu. Kama angekuwa hivyo, nani angekesha na mgonjwa asiye ndugu yake? Nani angekuwa katekista katika vigango vyetu, akitembea kwa miguu kilomita nyingi kwa posho isiyotosha hata viatu? Nadharia hizi zinaeleza vizuri jinsi mtu anavyoanguka. Hazielezi jinsi anavyosimama. Kuna hatari nyingine pia. Mtu akifundishwa kila siku kwamba kila kiongozi ni mwizi na kila mpiga kura ana bei, ataacha kutafuta aliye mwadilifu, na mwizi atatawala kwa raha.

Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitukumbusha kwamba siasa yapata uhalali wake katika mafao ya wengi. Nayo kanuni ya auni, iliyoelezwa wazi na Papa Pius XI mwaka 1931, yafundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa vizuri na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na chombo kikubwa. Je, hilo ni ndoto?

6. MISITU YA KIKOLE NA KISANGI

Si ndoto, na ushahidi uko katika wilaya hii hii. Mwaka 2009 Mmarekani Elinor Ostrom alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wataalamu wengi walikuwa wakisema mali ya pamoja, kama msitu au bahari ya uvuvi, lazima iangamie, isipokuwa ichukuliwe na serikali au na mtu binafsi. Bi. Ostrom alichunguza vijiji katika nchi nyingi, akaonyesha kwamba watu wa kawaida huweza kuitunza mali yao ya pamoja. Masharti ni haya: mipaka iwe wazi, watumiaji watunge kanuni wenyewe, walinzi wawajibike kwa wanakijiji, adhabu ianze ndogo na kukua, na mamlaka ya juu iheshimu haki yao ya kujipanga.

Mwaka huo huo wa 2009, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, hapa Kilwa, ilipata hati ya kimataifa ya kuthibitisha kwamba inavunwa kwa utaratibu unaofaa, kwa msaada wa mradi wa kuhifadhi mpingo. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kijiji chenye msitu wake uliohifadhiwa kisheria chaweza kubaki na mapato ya mavuno yake. Hapo awali mfanyabiashara wa magogo aliondoka na mpingo, na kijiji kikabaki na visiki. Wanakijiji wa Kikole hawakugeuka malaika mwaka ule. Walipata haki inayotambulika, mkutano wa kuamua, na daftari la mapato lililo wazi. Hesabu ya kila mmoja ikabadilika: mti uliosimama ukawa na thamani kwake.

7. TUFANYE NINI

Kwanza, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Sheria yataka ukutane walau kila baada ya miezi mitatu na usomewe mapato na matumizi. Usipoitishwa, tuulize kwa adabu na kwa maandishi. Kutojua kwaweza kuwa nafuu kwa mtu mmoja, lakini kunagharimu kijiji kizima. Jumuiya ndogondogo yenye kaya kumi na tano yaweza kugawana kazi: huyu afuatilie makato ya chama cha msingi, yule dawa za zahanati, mwingine fedha za shule. Hapo mzigo wa kujua unakuwa mwepesi.

Pili, tudai utaratibu kabla ya zawadi. Mgombea akiahidi bati, tumuulize juu ya ushuru wa korosho, juu ya gesi ya Songo Songo inayokwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na ni sehemu gani ya mapato inayorudi katika halmashauri yetu.

Tatu, tushirikiane na ndugu zetu wa msikitini. Makato ya korosho hayaulizi dini ya mtu.

Nne, tuanze na nyumba yetu. Napendekeza Halmashauri za Walei zikubaliane kwamba katika mwaka wa uchaguzi parokia haitapokea mchango wa mgombea yeyote, wala hatapewa nafasi ya kusema kanisani, na kwamba hesabu za parokia zitabandikwa mlangoni kila robo mwaka, pamoja na zile zilizo mikononi mwa paroko. Najua tutaezeka polepole zaidi. Afadhali kigango cha makuti chenye padre anayeweza kusema.

Mungu awabariki, na atujalie kuwa mawakili waaminifu wa vitu vidogo tulivyokabidhiwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji au mtaa wetu mkutano mkuu ulikutana lini mara ya mwisho? Hesabu zilisomwa?

2. Chukueni stakabadhi moja ya mauzo ya korosho. Je, kila mwanajumuiya aweza kueleza kila kato limekwenda wapi?

3. Ni zawadi gani jumuiya au kigango chetu kimewahi kupokea kutoka kwa mgombea? Baada ya hapo tulinyamazia jambo gani?

4. Kati ya masharti ya Bi. Ostrom, lipi limekosekana katika mali yetu ya pamoja: kisima, msitu, pwani ya uvuvi, au chama cha msingi?